Fisi Apiga Baragumu

Kaeni vizuri, na mwenye kukohoa akohoe sasa, maana nikianza sirudi nyuma kwa ajili ya mtu.

Mwaka huo mvua ilikataa kabisa kushuka katika Bonde la Nyasi Fupi. Majani yalikauka, mto ukabaki mchanga mtupu, na nyama ikawa ngozi na mifupa. Hata Simba, mfalme wa bonde, alijifunza kula viazi mwitu, ingawa hakupenda jambo hilo litajwe mbele ya wageni.

Viazi hivyo vilikuwa chini ya ardhi ngumu, na kila mnyama alichimba vyake akavihifadhi kwenye shimo lake. Aliyewazidi wote kwa kuchimba alikuwa Mama Ngiri, mjane mwenye watoto wengi na ulimi mkali. Alikuwa akiamka, anachimba, anagombeza watoto, anachimba tena. Jirani yake alikuwa Sungura. Huyu hakuwahi kuchimba chochote maishani isipokuwa shimo la kukimbilia. Alimpelekea Mama Ngiri umbea wa kila pembe ya bonde, naye akalipwa maganda ya viazi na majani yake. Biashara hiyo iliwafaa wote wawili.

Siku moja Fisi alikwenda kwa Simba, akainama mpaka pua ikagusa vumbi.

"Mtukufu Mfalme," alisema, "ni aibu ufalme mkubwa kama huu kukosa ghala. Kila nyumba ilete kikapu cha viazi. Siku ya shida ikifika, tutawagawia watu wako."

"Shida si ndiyo hii?" Simba akauliza.

"Hii ni dalili tu, Mfalme. Shida yenyewe iko njiani. Na nilifikiri ghala lenyewe liitwe Ghala la Simba."

Simba alikubali kabla Fisi hajafunga mdomo. Fisi akateuliwa kuwa mtunza ghala, kwa sababu hakuna mwingine aliyeomba kazi hiyo kwa machozi kama yeye.

Mwanzoni hakuna aliyenung'unika. Kuweka akiba ya pamoja si jambo baya, na hata mimi ninayesimulia sina ugomvi nalo. Mama Ngiri alipeleka kikapu chake, tena akakijaza mpaka juu. Ubaya ulianza pale viazi vilipofika mikononi mwa Fisi na midomoni mwa Baraza.

Baraza la bonde lilikuwa na pande mbili. Upande mmoja wa mto mkavu walikaa watu wa Tembo, upande wa pili watu wa Punda. Tembo alichukia ushuru, na alilisema hilo kwa sauti ya kutikisa vilima. Ila alitaka walinzi wa mpakani, wengi, wa kuwazuia nyumbu wa bonde la jirani, na walinzi hao walishwe kutoka ghalani. Punda naye aliwahurumia wenye njaa mpaka masikio yakamlegea. Kwa hiyo alitaka kamati za kuchunguza njaa, na wajumbe wa kamati wale vizuri, kwa kuwa huwezi kuchunguza njaa ukiwa na njaa.

"Walinzi wako wanamaliza viazi," Punda alimwambia Tembo.

"Kamati zako ndizo zinazomaliza," Tembo akajibu. "Zinakula hata kabla ya kufungua kikao."

"Wewe ni adui wa wanyonge."

"Na wewe ni mzigo wa wachapakazi."

Walikuwa wakitukanana hivyo kutwa nzima, na wafuasi wao wakirushiana mavumbi. Jua likianza kuinama, Fisi alikuwa akisimama katikati ya mto kama mpatanishi.

"Waheshimiwa, tusivunje udugu," alisema. "Walinzi wapate, na kamati zipate. Tuongeze kikapu kidogo tu."

Hapo wote walitazamana, wakainua mikono. Katika hilo peke yake, Tembo na Punda hawakupishana hata siku moja.

Basi ikaundwa Kamati ya Kuchunguza Ukame. Ilizunguka bonde lote, ikarudi na taarifa kwamba bonde ni kavu. Ikaundwa kamati nyingine ya kuchunguza kwa nini ile ya kwanza ilichelewa. Akateuliwa Mkuu wa Vivuli, wa kuwagawia wananchi kivuli kwa haki, ingawa hakuna mti uliokuwa na jani. Walinzi wa Tembo wakapewa walinzi wa kuwalinda. Viazi vilipopungua, mtu mmoja aliuliza vitapatikana wapi vingine, na Fisi akasema, "Tutakopa kwa watoto ambao hawajazaliwa. Hao hawana malalamiko." Baraza likapiga makofi pande zote mbili.

Fisi mwenyewe alikuwa akionja. Kila kikapu kilichofika ghalani lazima kionjwe, isije ikawa viazi vina uchungu, na aliuonja kila mzigo kuanzia juu hadi chini. Watu walipomtazama tumbo, alisema anaonja kwa niaba ya umma. Wanyama wengine wote walikonda hata mbavu zikaonekana, yeye akanenepa mpaka akawa anatembea kama aliyebeba mtungi.

Kikapu kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vinne. Mashimo ya Mama Ngiri yalikwisha moja baada ya jingine mpaka likabaki moja, lililo nyuma ya nyumba. Hilo ndilo alilokuwa ameliwekea hesabu ya moyoni: watoto wakila kidogo kidogo, litawafikisha kwenye mvua. Likichukuliwa, hawafiki.

Fisi alikuja na walinzi wawili, mbwa mwitu wenye sura za kununa.

"Mama Ngiri, hujaleta kikapu cha Mkuu wa Vivuli."

"Mwambie Mkuu wa Vivuli aje anionyeshe kivuli, nitampa kikapu."

"Unakaidi ufalme?"

"Nakaidi tumbo lako, Mzee Fisi. Ufalme siujui, sijawahi kuuona ukichimba."

Mbwa mwitu mmoja alicheka, kisha akakumbuka kazi yake akanuna tena. Fisi aliuzunguka ua, akanusa, akasimama juu ya lile shimo la mwisho.

"Wewe ni mkono wa birika," alisema. "Jirani zako wanateseka na wewe unaficha viazi. Siku ya gulio nitakuja na walinzi wa kutosha, na shimo hili tutalibeba lote. Litawasaidia wananchi."

"Wananchi gani? Mimi si mwananchi?"

Fisi aligeuka akaenda zake. Alipoondoka, Mama Ngiri aliwaambia watoto waende kucheza, halafu akakaa chini karibu na shimo akalia kwa hasira na kwa hofu. Alikuwa na nguvu za kuchimba, lakini hakuwa na nguvu za kupigana na kundi la mbwa mwitu.

Sungura aliyasikia yote akiwa nyuma ya kichuguu. Msidhani alisukumwa na huruma tupu. Alijiuliza, Mama Ngiri akifilisika, maganda nitayapata wapi? Swali hilo lilimuuma sana, akatoka kichuguuni.

"Jirani," alisema, "futa machozi uniambie jambo moja. Kwenye msaragambo, umewahi kumwona Fisi ameshika jembe?"

"Fisi?" Mama Ngiri alipenga kamasi. "Fisi hufika vyungu vinapoteremshwa. Siku zote mguu ulikuwa unamuuma asubuhi, mchana umepona."

"Basi nipe maganda kidogo ya njiani. Nina safari."

Msaragambo ulikuwa desturi kongwe ya bonde hilo. Mtu mwenye kazi kubwa kuliko mikono yake alipiga baragumu, na majirani wakaja na majembe. Walifanya kazi mpaka jua likawa utosini. Kisha waliweka majembe chini, wakakaa kwa mistari, na aliyepiga baragumu akawalisha kutoka ghala lake mwenyewe. Akishindwa kuwalisha, wageni walifungua ghala lake kwa mikono yao, naye akamaliza kazi iliyobaki peke yake huku wakimtazama. Desturi hiyo iliapiwa na babu yake Simba, na hakuna mfalme aliyethubutu kuigusa. Kila mtoto aliijua. Lakini kuijua kulitaka uwepo tangu asubuhi.

Sungura alimkuta Fisi amejilaza mbele ya ghala, akichokoa meno. Akaanza kumvika kilemba cha ukoka.

"Mheshimiwa, kila ninapopita nasikia jina lako. Ila kuna maneno. Watu wanasema ghala limepokea sana na halijatoa kitu. Ningekuwa mimi, ningewanyamazisha kwa jambo kubwa."

"Jambo gani?"

"Bwawa. Ita msaragambo, bonde zima likuchimbie bwawa la kungojea mvua. Likishaanza, si litahitaji ushuru wake? Kikapu cha bwawa, kikapu cha kulisafisha bwawa, kikapu cha kulilinda."

Masikio ya Fisi yalisimama yenyewe. Halafu wasiwasi ukamwingia.

"Na gharama? Watu hao wote watakula nini?"

"Wewe umehudhuria misaragambo mingi," Sungura akasema taratibu. "Uliwahi kufika ukakosa chakula?"

Fisi alifikiri kwa uaminifu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alikumbuka maharage, alikumbuka viazi vya kuchemsha, alikumbuka ugali wa ulezi uliokuwa ukifuka moshi.

"Hata mara moja," alisema. "Kila nilipofika, vyungu vilikuwa vimejaa."

"Mimi sina la kuongeza, Mheshimiwa. Wewe ndiye mwenye uzoefu."

Mate yalimjaa Fisi mdomoni. Siku hiyohiyo alipeleka habari barazani, na baraza likawaka moto. Tembo alitaka bwawa lichimbwe upande wake na liitwe kwa jina lake. Punda alitaka liwe upande wake, na liitwe kwa jina la wanyonge, yaani lake. Hakuna aliyeuliza nani atalisha, maana waheshimiwa hao hawakuwa wameshika jembe tangu walipoingia barazani. Fisi aliona mmoja wao anaweza kumpokonya sifa. Akalinyakua baragumu kutoka mikononi mwa mpiga mbiu, akapanda juu ya jiwe, akalipiga mwenyewe mpaka mashavu yakauma.

Mama Ngiri alilisikia akiwa nyumbani. Aliweka chini jembe lake, akauliza nani anapiga. Watoto walipomwambia ni Fisi, alianza kucheka mpaka akashika ubavu.

Siku ya gulio ikafika, ile ambayo shimo lake lilikuwa libebwe. Walinzi hawakwenda kwake, maana kila mtu aliitwa kwenye bwawa. Twiga walikuja, swala walikuja, nungunungu na kobe walikuja, na Mama Ngiri akaja na watoto wake wote. Simba alikaa juu ya jiwe, manyoya ya shingoni yamechanwa vizuri, akawaonyesha wajumbe wa mabonde ya jirani jinsi watu wake wanavyompenda. Tembo alihutubia wachimbaji akiwa ukingo wa kulia, Punda akahutubia akiwa ukingo wa kushoto. Wachimbaji wakachimba.

Fisi alifika jua likiwa limeshapanda sana, akichechemea kwa mazoea. Alikuwa amebeba bakuli la mti, kubwa, la kuogeshea mtoto. Akatafuta mahali ambapo vyungu kwa kawaida huteremshwa, akakaa hapo, akaliweka bakuli mapajani.

Jua likafika utosini. Majembe yakawekwa chini. Wanyama wakakaa kwa mistari, wakamwelekea Fisi. Fisi naye akawatazama.

"Mbona mmekaa?" Fisi akauliza.

"Tunangoja," wakajibu.

"Hata mimi nangoja."

Mama Ngiri akasimama. "Wewe unangoja nini, mwenye baragumu?"

"Chakula."

"Kinatoka wapi?"

"Kwenye vyungu," Fisi akasema, akishangaa ujinga wa swali.

"Na kwenye vyungu kinaingiaje?"

Fisi alitazama ndani ya bakuli lake. Katika maisha yake yote ya kula hakuwahi kulifikiria jambo hilo. Alimtafuta Sungura kwa macho, akamwona nyuma ya mistari.

"Sungura, si ulisema…"

"Mimi niliuliza tu, Mheshimiwa. Huwa siendi kwenye kazi, afya yangu hairuhusu."

"Aliyepiga baragumu ndiye anayelisha," Mama Ngiri akasema, na mistari yote ikaitikia kwa pamoja, vijana kwa wazee. "Tumechimba, Mzee Fisi. Tulishe."

Fisi aliliweka bakuli chini, na akili ikamjia. "Sikupiga kwa nafsi yangu," alisema. "Nilipiga kwa niaba ya ufalme."

Simba aliinuka juu ya jiwe. Wageni wa mabonde ya jirani walikuwa wanamtazama, na kiburi kikampanda mpaka kwenye masharubu.

"Vema," alinguruma. "Basi ufalme utalisha. Isije ikasemwa kwamba watu walichimba kwangu wakalala na njaa. Fungua Ghala la Simba."

"Mfalme, ufunguo…"

"Fungua."

"Kamati ya ufunguo haijakaa, Mtukufu."

Hapo Tembo akasema kwamba kwa maoni yake shughuli iahirishwe. Punda akasema anamuunga mkono Mheshimiwa Tembo kwa dhati. Simba aligeuza kichwa akamtazama mmoja, kisha mwingine. Hakuwahi kuwasikia wakikubaliana bila kwanza kutukanana, na kwa mara ya kwanza katika utawala wake aliingiwa na shaka. Aliteremka, akaenda hadi ghalani, akausukuma mlango kwa mguu mmoja. Ukaanguka.

Ndani mlikuwa na milima ya maganda na kitanda cha Fisi chenye mito miwili. Nyuma ya kitanda, Kamati ya Kuchunguza Njaa ilikuwa kwenye kikao, vinywa vya wajumbe vimejaa. Mkuu wa Vivuli alikuwa amelala kivulini. Kiazi kimoja tu kilikuwa kimebaki, na mjumbe mmoja alikuwa amekishika, nusu yake imeshaingia.

Wanyama walisongamana mlangoni. Kuna waliolia, maana walikuwa wamepeleka viazi vya watoto wao humo kwa imani. Simba alisimama katikati ya maganda akaona aibu, na kwa kuwa hakuizoea, hakujua aiweke wapi.

"Hii ni kazi ya Punda na kamati zake," Tembo akasema.

"Ni kazi ya Tembo na walinzi wake," Punda akasema.

"Wananchi wenzangu…" wote wakaanza kwa pamoja, lakini hakukuwa na mtu wa kuwasikiliza. Watu walikuwa wamemzunguka Fisi.

"Nani alipiga baragumu?" Simba akauliza.

"Fisi," bonde zima likajibu.

Fisi akapewa jembe. Alilishika mpini chini, chuma juu, wakamgeuzia. Alichimba tumbo likiburuta kwenye udongo, na watu wakakaa ukingoni kumtazama kama desturi ilivyotaka. Wajumbe wa kamati na walinzi walitawanyika kwa visingizio mbalimbali vya ugonjwa. Simba aliwaamuru Tembo na Punda wabebe udongo kwa machela moja. Tembo alivuta kulia, Punda akavuta kushoto, na udongo ukabaki palepale mpaka njaa ilipowafundisha kutembea pamoja.

Ushuru haukufutwa na mtu. Siku ya kikapu ilipofika, hakuna aliyepeleka, na hakuna aliyekuja kudai. Mama Ngiri alilifungua lile shimo la nyuma ya nyumba, akawagawia watoto kidogo kidogo kama alivyopanga, na kwa mara ya kwanza tangu ukame uanze alilala usingizi mzuri.

Jioni moja alimwona Simba amesimama nje ya ua, peke yake, bila walinzi. Mbavu zake zilihesabika. Alikohoa kifalme.

"Kuna upepo leo," Simba akasema.

"Upo, Mfalme."

"Unaweza kuleta mvua."

"Unaweza."

Simba alitazama vilima, akatazama kucha zake, akatazama vilima tena. Halafu akasema haraka, kama anayemeza dawa, "Mama Ngiri, nina njaa. Naomba viazi."

Mama Ngiri aliingia ndani akatoka na chungu kizima, akamwekea mbele. Simba alikula mpaka akafika katikati ndipo akainua kichwa.

"Fisi ulimkatalia kikapu kimoja. Mbona mimi umenipa chungu?"

"Fisi hakuwahi kuomba," Mama Ngiri akasema, akakaa karibu naye ili asile peke yake.

Simba alikimaliza chungu. Kabla ya kuondoka alilitazama jembe lililoegemea ukutani, akauliza kwa sauti ya chini, ili majirani wasisikie, linashikwaje.

Nami nimemaliza, na mwenye kununa anune. Ninachojua ni hiki: mtu asiyejua viazi vinaingiaje chunguni, msimpe ufunguo wa ghala, hata alie vipi.